Anchor yang'oa nanga: Bia zilizotesa mjini zilivyochuja

MJINI kutesa kwa zamu. Tumezoea kuwaambia hivyo wanamuziki waliovuma wakazimika, na wachezaji mpira waliobebwa mabegani jana halafu leo hata kondakta wa daladala hawatambui. Safari hii, msomaji wangu, usemi huo tunaupeleka kaunta. Tunaongelea bia.

Sio bia hizi unazozijua wewe, zinazopikwa na viwanda vikubwa na kusambazwa kwa malori mpaka kijijini kwa bibi. Tunaongelea zile za Marekani zilizopikwa na viwanda vidogo, vingine vikianzia gereji ya mtu, ambazo kwa miaka karibu hamsini ziliwatia watu kichaa. Zilikuwepo ambazo watu walizipangia foleni tangu alfajiri, utadhani wanagombea tiketi za Simba na Yanga.

Leo nyingi zimechuja. Na usidhani ziliangushwa na ladha mbaya. Ziliangushwa na mambo mawili: mshiko mkubwa, na wanywaji wenyewe waliokuwa wakiapa kwamba wanazipenda.

KIJANA ALIYENUNUA MKWECHE

Tuanzie San Francisco, mji wa bandari huko California. Kuna kiwanda pale kilichoitwa Anchor, yaani nanga, na nanga ndiyo iliyochorwa kwenye lebo. Jina hilo lilianza mwaka 1896. Kiwanda kiliteketea katika tetemeko na moto wa 1906, kikasimama tena. Kikafungwa Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, kikafufuka tena. Roho ya paka.

Bia yao iliyotamba iliitwa Anchor Steam. Steam ni mvuke. Sisi mtaani neno 'stimu' tumelipa maana nyingine kabisa, na kwa bia hii tutakuwa hatujakosea sana. Ilikuwa hivi: zamani hizo California barafu ilikuwa ya shida na majokofu hayakuwepo, wakati bia ya laga inataka hamira ifanye kazi yake kwenye baridi. Wapishi wakacheza ujanja. Wakaiacha bia ichachuke kwenye hali ya hewa ya kawaida, ndani ya masinia mapana yenye kina kifupi ili ipoe haraka. Ikatoka bia ya rangi ya kaharabu, povu zito, uchungu wa kiasi. Watu wakaipenda.

Ilipofika 1965 kiwanda kilikuwa hoi, kinasubiri kufungwa. Akatokea kijana wa miaka 27, Fritz Maytag. Ukoo wake ulitajirika kwa mashine za kufulia, namaanisha kufulia nguo, sio kufulia mfukoni. Alikuwa mnywaji wa Anchor kwenye mgahawa mmoja wa mjini, na mwenye mgahawa akamwambia akakitazame kile kiwanda kabla hakijafa. Maytag akaenda, akatazama, akanunua asilimia 51 ya hisa kwa dola elfu chache tu.

Aliuziwa mkweche. Vifaa vilikuwa vya kizamani, usafi mdogo, na bia mara nyingi ilichacha kabla ya kumfikia mteja. Maytag akakunja mikono ya shati. Akasoma vitabu vya upishi wa bia, akasugua mitambo, akabadili vyombo. Mwaka 1971 akaanza kuitia Anchor Steam kwenye chupa. Mwaka 1975 akatoa Liberty Ale, iliyojaa harufu ya maua ya hopsi aina ya Cascade, ambayo wajuzi wengi wanaihesabu kuwa bibi wa bia chungu za kisasa zinazoitwa IPA. Mwaka huohuo akaanzisha bia ya Krismasi. Kila mwaka mapishi mapya, na kila mwaka mti mpya kwenye lebo, uliochorwa kwa mkono na mchoraji Jim Stitt. Watu walikuwa wanatunza chupa zake kama picha za harusi.

FUNDI WA MELI NA MAPIPA YA SODA

Aliyefuata nyuma ya Maytag hakuwa mtoto wa tajiri. Jack McAuliffe alikuwa fundi wa jeshi la majini la Marekani, na alipopangiwa kazi Scotland alionja bia za kienyeji za huko zikamkaa rohoni. Aliporudi nyumbani, mwaka 1976 akafungua kiwanda kiitwacho New Albion katika mji wa Sonoma, California, akiwa na wenzake wawili, wote akina mama.

Mitambo ya kununua hakuwa nayo, kwa sababu siku hizo hakuna aliyetengeneza mitambo midogo kiasi hicho. Akaokoteza: matangi ya maziwa, mapipa yaliyokuwa na maji matamu ya kutengenezea soda, vyuma chakavu. Akachomelea mwenyewe. Kiwanda kizima unaweza kusema kilitoka Gerezani pale kwa mafundi wetu.

Sifa zilikuja, waandishi walikuja, wageni walikuja. Pesa haikuja. Kiwanda kilikuwa kidogo mno kuweza kumlisha mwenyewe, na benki hazikutaka kumkopesha mtu mwenye mapipa ya soda. Mwaka 1982 New Albion ikafungwa.

Lakini vijana waliokwenda kuchungulia pale Sonoma waliondoka na wazo kichwani. Mmoja wao ni Ken Grossman, ambaye pamoja na mwenzake Paul Camusi walianzisha Sierra Nevada katika mji wa Chico mwaka 1979. Shika jina hilo, tutalirudia.

MAPENE YAINGIA

Hapo serikali nayo ikalegeza kamba. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu Wamarekani kupika bia majumbani kwa matumizi yao. Waliokuwa wanapika kwa kificho wakatoka nje, wakaonjeshana, wakapeana mbinu. Mwaka ule nchi nzima ya Marekani ilikuwa imebakiwa na viwanda vya bia 89 tu. Miaka ya 2020 vilikuwa vimepita 9,000. Si mchezo!

Penye asali, nyuki hawakosi. Mwaka 1995 viwanda kadhaa vya namna hii vilikimbilia soko la hisa, na watu wakazigombea hisa zake kama nguo za mtumba kwenye marobota mapya. Mmojawapo ulikuwa mradi wa Pete Slosberg, uliopika bia ya kahawia iitwayo Pete's Wicked Ale tangu 1986. Slosberg hakuwa na kiwanda chake, alikuwa anakodi viwanda vya wenzake. Lebo yake ya kwanza ilikuwa na picha ya mbwa wake. Jamaa akawa wa pili kwa ukubwa kati ya wapikaji wadogo wa Marekani nzima, nyuma ya Samuel Adams ya Boston.

Halafu upepo ukageuka. Kila mwenye pesa za kuchezea alikuwa ameingiza bia yake sokoni, nyingine hazinyweki, na wanywaji wakachoka. Bei za hisa zikaporomoka. Mwaka 1998 Pete's iliuzwa kwa kampuni ya Gambrinus ya Texas kwa dola milioni 69. Wenyewe wapya wakabadilisha hiki, wakaongeza kile, na mwaka 2011 wakaizika kimyakimya. Bia iliyokuwa kila friji, leo ukimtajia kijana wa Marekani atakuuliza Pete ndiye nani.

BILIONI MOJA, KISHA KIMYA

Ungedhani somo limeeleweka. Wapi! Miaka ya 2000 viwanda vidogo vikapanda tena, safari hii kwa fujo zaidi. Sasa wakubwa wa bia wakaona badala ya kushindana, bora wanunue.

Mwaka 2011 kampuni ya AB InBev ilinunua Goose Island ya Chicago kwa dola milioni 38.8. Na usidhani hawa ni watu wa mbali. Ni haohao ambao, baada ya kuimeza SABMiller mwaka 2016, walikuwa wenye hisa nyingi katika TBL yetu, wapikaji wa Safari na Kilimanjaro. Dunia ya bia ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Kufuru ilikuja mwaka 2015. Ballast Point ya San Diego, iliyotokana na duka dogo la kuuza vifaa vya wapika bia wa majumbani, ilinunuliwa na kampuni ya Constellation kwa dola bilioni moja. Ndiyo, bilioni! Bia yao iitwayo Sculpin, hasa ile ya balungi, ilikuwa imewapagawisha watu. Wenyewe wapya wakaipeleka kila kona na kwa bei ya juu. Lakini hata miaka mitano haikutimia. Mwishoni mwa 2019 Ballast Point iliuzwa kwa kiwanda kidogo sana cha jimbo la Illinois ambacho wengi hawakuwahi kukisikia, na bei haikutangazwa. Mtu akiuza kitu alichokinunua bilioni moja halafu akakaa kimya kuhusu bei, wewe mwenyewe jaza.

Mwaka 2023 AB InBev nao wakaanza kupunguza mzigo. Majina manane waliyokuwa nayo waliyasukumia kampuni ya Tilray ya Canada, iliyopata umaarufu kwa biashara ya bangi. Kutoka bia kwenda bangi, mambo hayo!

NANGA YANG'OKA

Turudi San Francisco. Maytag alishika usukani wa Anchor miaka 45, akauza mwaka 2010. Walionunua nao wakauza mwaka 2017 kwa Sapporo, kampuni kubwa ya bia ya Japan, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 85.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kwenda upande. Mwaka 2019 wafanyakazi waliona mishahara haitoshi katika mji ambao kodi ya chumba ni balaa, wakapiga kura wakaunda chama chao cha wafanyakazi. Mwaka 2020 korona ikafunga mabaa, na Anchor ilikuwa bia ya kunywewa baa hasa. Mwaka 2021 kampuni ikaziondoa zile lebo za kuchora kwa mkono na kuweka nyingine za rangi kali, za kisasa. Wapenzi wake wakalalamika sana. Kwao ilikuwa sawa na kumkuta babu yako amepaka nywele rangi.

Juni 2023 ikatangazwa kuwa bia ya Krismasi haitapikwa tena. Wiki chache baadaye, Julai 12, likaja tangazo lenyewe: kiwanda kinafungwa, wafanyakazi wamepewa notisi ya siku 60. Miaka 127 ikaishia hapo. Msemaji wa kampuni alieleza kuwa mauzo yalikuwa yameshuka kwa theluthi mbili tangu 2016.

Na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Habari zilipotoka, watu walifurika kwenye baa ya kiwanda. Foleni, picha, makasha yakabebwa. Wafanyakazi nao, wapishi na wafunga chupa waliokuwa wanapoteza ajira, walijaribu kuungana ili wakinunue kiwanda kiwe cha ushirika. Haikuwezekana.

Swali la kitoto kabisa: wale watu wote walikuwa wapi mwaka 2018? Mwaka 2022 je?

NANI ALIIUA?

Ukiwauliza wenyewe watakutajia mengi, na yote yana ukweli. Gharama za makopo, shayiri na usafiri zilipanda. Yakaja maji ya gesi yenye kilevi na ladha ya matunda, vijana wakahamia huko. Wengine wakaacha pombe kabisa, na huwezi kuwalaumu. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza tangu 2005, viwanda vidogo vilivyofungwa Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, nao ni wa wanywaji. Vikiwepo viwanda 9,000, kila wiki kuna bia mpya. Mnywaji akawa kama kijana mwenye marafiki wa kike kumi: kila mmoja anamwambia nakupenda, na hakuna hata mmoja anayemtunza. Anaonja moja, anapiga picha, anahamia nyingine. Ile ya zamani anaisifia tu. 'Ah, Anchor! Hiyo bia bwana!' Huku mkononi ameshika kopo jingine.

Sierra Nevada bado ilisimama wakati wenzake wanaanguka. Grossman hakuuza, kiwanda kikabaki cha familia, na bia yake ya kwanza iliyompa jina aliendelea kuipika miaka yote. McAuliffe naye hakusahaulika moja kwa moja: mwaka 2013 wale wa Samuel Adams walipika upya bia ya New Albion, na faida wakampa mzee.

Anchor yenyewe ilinunuliwa mwaka 2024 na Hamdi Ulukaya, tajiri mwenye asili ya Uturuki aliyejijengea jina Marekani kwa mtindi wa Chobani. Aliahidi kuirudisha bia, lakini mwaka ule uliisha haijarudi. Kuamsha kiwanda kilicholala ni kazi kuliko kukilaza.

Kwa hiyo, mtoto wa mjini, kabla hujawacheka Wamarekani, hebu jiangalie. Una bendi unayoisifia lakini kiingilio chake hukilipi. Una mama ntilie ambaye pilau lake ndilo bora mtaa mzima, ila mwezi wa tatu huu hujakanyaga kwake kwa sababu kumefunguliwa kwingine kwenye taa za rangi. Siku akifunga utakuwa wa kwanza kulia.

Sifa za mdomoni hazijazi droo ya kaunta. Ukipenda, lipa. Na kama unachokipenda ni bia, kunywa kistaarabu, usije ukachuja wewe kabla yake.