Vanila Kagera: Ua la asubuhi moja, ulinzi wa miezi tisa

Kabla ya kuandaliwa ndizi na samaki, mgeni wa shamba la vanila la familia mkoani Kagera hupelekwa kwanza migombani. Huko mama mwenye nyumba huchavusha maua kwa kijiti. Ua hufunguka asubuhi moja tu, likipitwa, basi. Mbinu hiyo aliigundua Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841.

Maganda hukomaa baada ya miezi tisa hivi, na wezi huyawahi mabichi. Anayehofia kuibiwa huvuna mapema, lakini ganda changa, hata likikaushwa vizuri, harufu yake ni hafifu na mnunuzi hulipunguzia bei. Bei nayo haina mwenyewe: ilipaa mwaka 2003, kisha ikaporomoka. Baba hulinda usiku.