Sare Inayopwaya: Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Macho ya Marafiki, Homa Bay na Migori

Katika miji ya Homa Bay, Oyugis, Rongo na Migori, mtu wa kwanza kuthibitisha kwa kipimo kwamba mwili wa mwanamke umepungua mara nyingi huwa ni fundi cherehani, kwa kuwa fundi ana daftari, na ndani ya daftari hilo kifua, kiuno na nyonga za wateja wake zimeandikwa tangu chama chao kiliposhona sare ya mwisho. Chama, yaani kikundi cha akina mama wanaochanga fedha na kupokezana kwa zamu, huwa na kitenge chake cha rangi moja na mshono mmoja, kinachovaliwa harusini, matangani na siku ya kumtembelea mwenzao aliyejifungua, na shabaha ya kitenge hicho ni kwamba asionekane tofauti mtu yeyote. Ndiyo maana mwanachama aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anaweza kuficha kovu, vidonge na hata safari yake ya Nairobi, lakini hana namna ya kuficha sare inayopwaya mabegani wakati za wenzake zimewakaa sawasawa.

Upasuaji wenyewe si jambo geni kwa Wakenya, ingawa wengi wanausikia juu juu. Aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi ni ile ya kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo la chakula, ukabaki mrija mwembamba. Aina nyingine, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, huunganisha kifuko kidogo cha tumbo na sehemu ya mbele zaidi ya utumbo mwembamba ili chakula kipite njia fupi. Mgonjwa hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari, hadi mwaka 2022 vyama viwili vikuu vya madaktari wa fani hiyo vilipokubali 35 bila sharti la ugonjwa mwingine. Nchini Kenya kazi hii hufanywa zaidi katika hospitali za Nairobi, kwa hiyo mtu wa Mbita au Awendo hupanda basi, hukaa huko siku kadhaa, kisha hurudi na matundu machache madogo tumboni ambayo nguo huyafunika. Ni tiba, na anayeiita urembo hajawahi kupanda ngazi akiwa na magoti yaliyochoka.

Maarifa ya fundi kuhusu jambo hili ni mapana kuliko inavyodhaniwa, na yanastahili kuelezwa kwa utulivu. Nguo ya mtu mzima hushonwa ikiachiwa akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, upana wa vidole viwili hivi, kwa matarajio kwamba mwenye nguo atanenepa: ataolewa, atazaa, mambo yatamnyookea, na siku moja nguo itafumuliwa na kuongezwa. Ufundi huo, kwa maana hiyo, una imani yake kuhusu mwili, na imani hiyo inaelekea upande mmoja. Mteja anapokuja kupunguziwa, fundi hulazimika kuwaza kinyume. Sentimita chache huondolewa ubavuni bila taabu, lakini zikizidi, kwapa hushuka, bega huteleza kuelekea mkononi, zipu ya mgongoni hupinda, na maua ya kitenge yaliyokuwa yamekutana kifuani hupishana, hivi kwamba kazi ya kweli huanza kwa kufumua mikono na kukata upya kutoka mabegani. Wakati mwingine nafuu ni kushona nguo mpya, ila kitenge cha chama kilinunuliwa kwa jora moja na madukani hakipo tena.

Liko pia suala la muda. Baada ya upasuaji uzito hushuka kwa kasi zaidi katika miezi sita ya kwanza, huendelea kupungua hadi kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, kisha kwa wengi hurudi kidogo. Fundi ambaye hajawahi kusoma lolote kuhusu matumbo hulijua hilo kwa futi yake ya kupimia, kwa sababu nguo aliyoipunguza hurejeshwa mezani kabla uzi haujachakaa. Kwa hiyo fundi mzoefu hakati kitambaa. Hupiga bandi, yaani hushona kwa mishono mirefu ya muda inayofumuka uzi ukivutwa, na akiba yote huiacha ndani, ikiwa nene kidogo chini ya kwapa. Shauri lake kwa mteja ni kwamba nguo isikatwe mpaka mwili utulie. Ni shauri la kiufundi tu, lisilo na kejeli, lakini rafiki akilisikia huligeuza likawa ushahidi: hata fundi anajua atarudi alivyokuwa. Zaidi ya hapo fundi haulizi. Huandika tarakimu mpya chini ya zile za zamani na kuendelea na kazi, na ukimya wake ni adabu ambayo wengi hawaipati kwa watu wa karibu zaidi. Hata hivyo daftari hulala wazi mezani, na kila anayesubiri zamu yake anaweza kusoma. Je, vipimo vya mwili wa mtu ni siri ya nani?

Kabla ya kuwalaumu marafiki, inafaa kukumbuka ni wapi walijifunza kusoma mwili. Kwa Waluo, ambao ndio wengi Homa Bay na katika sehemu kubwa ya Migori, kukonda kusikoelezeka kulihusishwa tangu zamani na chira, hali ya kudhoofika inayoaminika kumpata mtu, au nyumba yake, baada ya miiko kuvunjwa. Kisha mwaka 1985 daktari Mganda David Serwadda na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya ugonjwa mpya ulioonekana Rakai, upande wa pili wa Ziwa Victoria, ambao wenyeji waliupa jina la "slim" kutokana na jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Ulikuwa ni ukimwi. Nyanza Kusini, ziliko Homa Bay na Migori, uliuma vibaya kuliko karibu kila mahali nchini, na hata baada ya miongo mitatu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na karibu asilimia 13 ya wale wa Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, kwa juhudi za shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na kabla ya hapo aliyeanza kukonda alikuwa akihesabiwa siku. Mwanamke wa miaka hamsini wa leo alishuhudia dada, shemeji na mwalimu wa watoto wake wakipungua kwa utaratibu uleule, kwanza mashavu, halafu mikono, halafu nguo. Anapomwambia mwenzake aliyetoka Nairobi, "Umekonda hivi, kwani unaumwa?", ndani ya swali hilo mna umbea, bila shaka, lakini mna hofu pia, na aliyeulizwa hana kipimo cha kutenganisha viwili hivyo papo hapo.

Mwili nao hausaidii. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji nywele nyingi hukatika, kwa sababu ya mshtuko wa kupungua haraka, na zaidi ikiwa protini na madini ya chuma hayatoshi. Ngozi hulegea shingoni. Aliyeunganishwa utumbo kwa njia fupi, akinywa chai yenye sukari nyingi anayokaribishwa nayo kila nyumba, anaweza kutokwa na jasho, moyo ukaenda mbio na kichwa kikazunguka, kwa kuwa sukari imemwagika kwa ghafla ndani ya utumbo. Kwa jicho lililozoea kuuguza, hizo ni dalili zilizokamilika. Kinachoshangaza ni kwamba jicho hilo limepitwa na wakati, kwani dawa ya dolutegravir, ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017, imehusishwa na kunenepa, hasa kwa wanawake, kama utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulivyoonyesha. Anayemeza dawa za virusi siku hizi ana nafasi kubwa zaidi ya kuongezeka kuliko ya kukonda, na huenda miongoni mwa wanachama wenye sare zilizowakaa vizuri yumo mwenye virusi, wakati anayenong'onewa hana.

Mezani mambo huwa magumu kwa namna nyingine. Mtaalamu wa lishe humwagiza aliyepasuliwa ale protini kwanza, kiasi cha gramu 60 kwa siku, halafu mboga, na wanga mwishoni ikiwa nafasi imebaki, kwa sababu tumbo lake la miezi ya mwanzo hujaa kwa vijiko vichache. Agizo hilo, likitiwa katika sinia la ugali na ngege wa ziwani, linapindua adabu nzima ya chakula. Ugali ndio chakula. Samaki ni kitoweo, na mtu mwenye malezi humega kitoweo kidogo kidogo ili kimfikishe mwisho wa ugali na kiwatoshe wenzake. Mgeni anayechambua samaki, akamla taratibu, kisha akanawa mikono ilhali tonge hajaligusa, amefanya makosa mawili kwa pamoja: amekuwa mlafi wa kitoweo na amekataa chakula cha mwenye nyumba. Hakuna daktari wa Nairobi anayemwandikia mgonjwa cheti cha kumwonyesha mpishi. Wanaofaulu hapa ni wale wanaompigia simu mwenyeji mapema, wakaomba wapakuliwe sahani ndogo ya peke yao yenye kipande cha samaki na mboga ya osuga, au wanaojitolea kupakua na kugawa, kwa kuwa mgawaji haangaliwi anakula nini.

Lililo gumu zaidi ni kusema. Aliyepasuliwa akinyamaza, watu watajaza pengo kwa jibu wanalolijua. Akisema, "Sina ukimwi, nilifanyiwa upasuaji," anajisafisha kwa kumsukuma chini mwenzake mwenye virusi anayemsikiliza, tena anafungua mlango wa lawama mpya, kwamba ametumia njia ya mkato, kwamba kumbe pesa alikuwa nazo wakati akiomba mkopo wa chama, kwamba alikuwa mzuri alipokuwa na mwili. Na kama ana virusi na pia amepasuliwa, jambo ambalo kitabibu linawezekana kabisa, sentensi ipi itakuwa ya kweli bila kuwa ya kumwumiza? Inayostahimili zaidi ni ile fupi isiyomkana mtu yeyote: kwamba yuko chini ya uangalizi wa daktari, kupungua huku kulipangwa, na anaendelea vizuri. Maelezo kamili yabaki kwa wawili au watatu waliochaguliwa, na mmoja wao akipelekwa kliniki siku ya miadi, akaona mzani na kusikia muuguzi akiongea, atakuwa na la kusema kikaoni mwenye habari asipokuwepo.

Si kila rafiki atabaki, na hilo si la Nyanza pekee. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Gustaf Bruze, uligundua kwamba baada ya upasuaji huu waliokuwa na wenzi walitengana kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupasuliwa, na waliokuwa wapweke walipata wenzi kwa wingi zaidi. Uchunguzi huo haukupima urafiki, lakini ni vigumu kuamini kwamba kinachotikisa ndoa hupita kando ya urafiki bila kuugusa, hasa urafiki uliojengwa juu ya kula pamoja, au juu ya chupa, kwa wanaume wa baa za kando ya ziwa ambao baada ya upasuaji hulewa kwa kiasi kidogo na upesi. Yupo pia rafiki mnene aliyebaki nyuma, ambaye kila kilo anayoipoteza mwenzake anaiona kama hukumu juu yake, na huyo hahitaji kukemewa bali kutopewa mawaidha ya chakula asiyoyaomba.

Hata hivyo, kaunti za Homa Bay na Migori zina hazina ambayo kliniki za Nairobi hazina. Kwa miaka mingi, vituo vya afya vya Ndhiwa, Suba na Rongo vimekuwa na washauri rika, yaani watu wanaoishi na virusi waliofunzwa kumsindikiza mwenzao katika kazi nzito ya kuamua nani aambiwe, kwa maneno gani na lini, na pia namna ya kuishi na yule aliyeambiwa akakimbia. Hilo ndilo hasa analolihitaji aliyetoka kupasuliwa, na linapatikana hatua chache kutoka kwake bila malipo. Ila atalipata akikaa kwenye benchi la kliniki ileile, mchana kweupe, akiwa amekonda. Nani kati ya marafiki zake atakubali kukaa naye hapo?