KILIMIA HUHESABU MIEZI, HAKILETI MVUA

Msomaji, wako wakulima wangojao nyota fulani ndipo watie mbegu ardhini, na wako wengine wanaosema kwamba mambo ya nyota ni ya wazee tu, hayana faida. Wote wawili yafaa wasome habari hii.

Jioni ya mwezi wa Machi, giza likisha kuingia, simama mahali pasipo na taa, uelekee magharibi. Karibu na utosi utaona nyota tatu zilizopangana sawasawa kama vifungo vya shati. Fuata mstari wake ukishuka upande wa kaskazini-magharibi, utafika kwenye nyota moja kubwa yenye rangi ya machungwa. Endelea kidogo, utaona fungu dogo la nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia. Mtu wa kawaida huhesabu nyota sita. Mwenye macho makali huona saba au zaidi. Kwa darubini zimehesabiwa zaidi ya elfu moja.

Kilimia kimo katika kundi la nyota liitwalo Thauri, yaani Fahali, ambalo liko upande wa kaskazini wa mbingu. Ile nyota ya machungwa ni jicho la fahali. Waarabu waliiita Aldebaran, maana yake mfuasi, kwa kuwa hukifuata Kilimia usiku kucha. Upana wake ni zaidi ya mara 40 ya upana wa jua letu. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hata hivyo nuru ya Aldebaran huchukua miaka kama 65 kutufikia, na ya Kilimia miaka kama 440. Kilimia chenyewe kiko begani mwa fahali, pale penye nundu kwa ng'ombe wetu.

Jina Kilimia latokana na kulima. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini nao hukiita isiLimela, kwa asili ile ile. Kwa nini watu wa mbali namna hii walikipa jina la jembe? Kwa sababu kina saa yake. Dunia yetu huzunguka jua kwa mwaka mmoja, na kwa hiyo kila siku nyota huzama mapema kuliko jana kwa dakika 4 hivi. Kwa mwezi mmoja ni saa 2. Mwisho wa Aprili Kilimia huzama nyuma ya jua tu, kisha hakionekani kabisa. Mwezi wa Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko. Mwisho wa Novemba huchomoza jua linapotua, kikaonekana usiku kucha.

Wazee wa pwani husema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Lakini huko pwani masika huwa makubwa mwezi wa Mei. Kwetu Kisumu mvua huanza Machi na kuzidi Aprili. Nyota ni ile ile, mvua si ile ile. Mkulima wa Kano au Seme akingoja Kilimia kizame ziwani ndipo apande, mvua iliyo bora imekwisha kumpita.

Tena, nyota haina amri juu ya mawingu. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilinyesha kupita kiasi, na kufikia mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 1984 masika yalikosekana sehemu nyingi za Kenya, na njaa ikaingia. Katika miaka hiyo yote Kilimia kilizama na kuzuka kwa tarehe zake, bila kuchelewa.

Je, tukitupe? La. Kitumie kama kalenda isiyochakaa. Mwisho wa Januari, saa mbili usiku, Kilimia kiko juu kabisa, kaskazini kidogo ya utosi: plau iwe shambani, maana udongo mweusi wa Kano ukilowa sana haulimiki. Mwezi wa Machi kikiwa nusu ya njia kushuka, mbegu iwe nyumbani tayari. Hapo mwache Kilimia, utazame ardhi: chimba kwa jembe, na unyevu ukiwa umeingia chini vizuri, panda. Mwisho wa Aprili kikigusa ziwa, mahindi yako yawe yamekwisha kupaliliwa. Na kikichomoza jioni mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwapo, mazao ya muda mfupi yawe yamekwisha kuota.

Nyota hukuambia ni mwezi gani. Habari ya mvua iulize ardhi yako, na umsikilize Bwana Shamba.