Tuipe Mimea ya Kwetu Nafasi Chumbani

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kiambere, kule Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, nikakuta kesi inaningoja. Mshtaki alikuwa mama yangu mzazi, mtu aliyekula chumvi nyingi. Mshtakiwa alikuwa mpwa wangu, binti wa shule ya upili. Kosa lenyewe lilikuwa mikebe tisa ya mafuta ya kupikia iliyopangwa dirishani na sakafuni katika chumba anacholala, kila mkebe na mmea wake. "Mwanangu," mama aliniambia hata kabla sijatua mkoba, "wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Mwulize mtoto huyu tangu lini mtu akalala kichakani ilhali ana nyumba."

Msomaji mpenzi, usicheke. Kiambere ni nchi ya jua kali na vumbi jekundu. Mvua za masika na za vuli huja kwa kusitasita, na zinapokosa kabisa, mtama na ndengu huungulia shambani. Ni kweli tunalo bwawa kubwa katika Mto Tana, lililokamilika mwaka wa 1988, la mwisho kwenda chini katika msururu unaoanzia Masinga ukapitia Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Umeme wake huangaza miji ya mbali. Hata hivyo, kuliona ziwa si kuyanywa maji yake. Nyumbani kwetu maji huletwa na punda, mitungi minne ya lita 20 kwa safari, na safari yenyewe humeza nusu ya siku. Katika mazingira kama hayo, anayemwagia ua maji sharti ajieleze.

Mashtaka ya mama yalikuwa matatu. La kwanza, mimea ile inakunywa maji ya watu. La pili, usiku inamnyang'anya mtoto pumzi. La tatu, itamletea nyoka kitandani. Utetezi wa mpwa wangu ulikuwa mfupi: "Mjomba, kutoka shuleni hadi hapa sioni ila vumbi. Nataka nikifumbua macho asubuhi nione kitu kibichi." Niliomba nipewe siku moja nitafakari. Ninaandika makala haya kwa kuwa niligundua kwamba kesi ile si ya nyumba yetu pekee. Walimu wengi wanaosimamia mabweni wameikuta, na wengi wameikata kwa haraka.

Tuanze na maji. Nilipoikagua mikebe ile niliona kwamba haikuwa ya namna moja. Mmoja ulikuwa na kangaga aliyenunuliwa mjini Embu, chini ya Mlima Kenya, ambako hewa ni baridi na yenye unyevu. Kangaga huyo alikuwa akinyweshwa kila siku, na bado majani yake yalikuwa yamekauka ncha. Mingine minne ilikuwa na mimea iliyotoka papo hapo kijijini: mishubiri miwili na mikonge-mwitu miwili, ile yenye majani magumu yaliyosimama kama panga. Hii huhifadhi maji ndani ya majani yake, na ikimwagiwa kila siku mizizi huoza ikafa. Bilauri moja kwa kila mkebe baada ya wiki mbili yatosha. Kwa mikebe minne hiyo ni lita moja tu, nayo yaweza kuwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga. Kwa hiyo mama alikuwa na haki juu ya kangaga, lakini hakuwa na haki juu ya mshubiri. Kosa halikuwa kuweka mmea chumbani, bali kuleta mmea wa nchi ya ukungu katika nchi ya jua.

Shtaka la pili ni la zamani, na nimelisikia hata katika vyumba vya walimu. Ni kweli kwamba mimea, kama wanyama, huvuta oksijeni usiku na mchana. Lakini kiasi kinachovutwa na mikebe michache ni kidogo mno kikilinganishwa na kile anachovuta mtu mmoja aliyelala kando yetu, na hakuna anayewakataza ndugu wawili kulala chumba kimoja kwa hofu ya kuishiwa na pumzi. Fauka ya hayo, mishubiri na mikonge-mwitu ina desturi ya pekee. Ili isipoteze maji kwa jua kali, hufunga vitundu vya majani yake mchana, ikavifungua usiku kuingiza kabonidioksidi itakayotumiwa kukipambazuka. Ndiyo hekima iliyoiwezesha kuishi katika nyika yetu.

Lakini tusiruke majivu tukakanyaga moto. Wapo wanaodai kinyume chake, kwamba mimea miwili mitatu chumbani husafisha hewa yote na kuponya maradhi. Chanzo cha imani hiyo ni majaribio ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1989 na watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani. Waliifungia mimea katika masanduku yasiyopitisha hewa, wakaona baadhi ya kemikali zikipungua. Chumba cha kulala si sanduku lililozibwa. Mwaka wa 2019 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Drexel walipozipitia upya tafiti za namna hiyo, walikadiria kwamba ingehitajika mimea baina ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ili ifanye kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka ndani ya jengo. Kwa lugha nyepesi, fungua dirisha. Mmea chumbani ni pambo na faraja ya macho. Usiupe kazi ya daktari.

Shtaka la tatu nalo lina mizizi. Mama amewahi kuwaona nyoka wakitoka katika vichaka vya mkonge-mwitu, kwa kuwa kichaka kilichosongamana huwaficha panya, na penye panya nyoka hakosi kupita. Mkebe mmoja juu ya kizingiti cha dirisha hauna maficho hayo. Linalonishangaza mimi, mtu wa isimu, ni kwamba Waingereza nao waliuita mmea huu kwa jina la nyoka, kwa sababu ya madoa yake, na pia ulimi wa mamamkwe, kwa sababu ya ukali wa ncha zake. Wanafunzi wetu wanayajua majina hayo mawili ya Kiingereza. Jina la Kimbeere hawalijui.

Hapo ndipo kesi ilipogeuka ikanikabili mimi. Nilimwomba mama aje chumbani, akaketi kitandani, nikamwuliza jina la kila mmea uliotoka kijijini. Alitaja bila kusita: jina, mahali unapoota, matumizi yake, na mara nyingine hata jina ambalo Wakamba wa ng'ambo ya mto huupa mmea huo. Mpwa wangu hakujua hata jina moja. Mimi, niliyetunukiwa shahada ya uzamifu kwa kuchunguza lugha za watu, nilijua mawili. Mukau ninaujua, naam, kwa sababu mbao zake huuzwa. Visivyouzwa nimevisahau.

Mwaka wa 1988, ule ule ambao bwawa letu lilikamilika, David Brokensha na Bernard Riley walichapisha kitabu chenye juzuu mbili juu ya Wambeere, na juzuu moja wakaitenga kwa utambulisho wa mimea na matumizi yake. Ninawashukuru. Lakini jina lililohifadhiwa kitabuni bila kutamkwa kinywani ni kama mbegu iliyofungiwa chupani: ipo, ila haimei.

Wapo watakaoniambia kwamba kupamba chumba cha kulala kwa mimea ni uzungu. Nawajibu kwamba akina mama wa pwani, Lamu na Mombasa, walipamba vitanda kwa asumini na kutia mkadi baina ya nguo zao kwa muda mrefu kabla ya maduka ya maua kufunguliwa mijini. Yalikuwa maua yaliyochumwa, si mimea ya mikebeni, lakini nia ni ile ile: mahali anapolala mtu pastahili kitu kilicho hai na kizuri.

Tena mimea mingi inayoitwa ya kizungu imetoka kwetu. Mwaka wa 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya huko Tanga, aliokota ua dogo la rangi ya urujuani katika milima ya Usambara, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa yule mtawala. Leo ua hilo limekaa madirishani duniani kote, ilhali spishi zake nyingi zimo hatarini misituni kwa sababu misitu yenyewe inakatwa. Vivyo hivyo Zamioculcas, mmea wenye majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, ni wa mashariki na kusini mwa Afrika, na humea porini hata hapa Kenya. Wakulima wa Uholanzi waliuzalisha kwa wingi kuanzia miaka ya 1990, na sasa tunaununua Nairobi kwa bei ya kigeni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Basi nilitoa hukumu, na ninaiweka hapa kwa faida ya walimu na wanafunzi. Kangaga na wenzake wawili wapenda maji warudishwe mjini, wapewe shangazi. Mmea wa nne wa dukani, Dieffenbachia wenye majani mapana yenye madoa meupe, utolewe siku hiyo hiyo. Utomvu wake huvimbisha ulimi na koo, na katika nyumba yetu kuna mtoto anayetambaa. Mmoja wa kijijini nao ulikuwa ule wenye shina nene na maua ya waridi, Adenium, ambao utomvu wake ulitumiwa na wawindaji kutilia mishale sumu. Huo ukapandwa nje, mbali na mikono ya mtoto. Ikabaki minne: mishubiri na mikonge-mwitu.

Hiyo minne nayo ina masharti. Kila mkebe utobolewe chini, maji yasituame penye mizizi. Udongo uchanganywe na mchanga. Kisahani cha chini kimwagwe baada ya kumwagilia, kwani maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, wakiwamo wale wanaoeneza homa ya dengue. Mkebe ukae karibu na dirisha, kwa kuwa hata mmea unaovumilia kivuli hauishi gizani. Mshubiri usiliwe wala kunywewa kwa kubahatisha. Na asing'oe mtu mmea mzima porini: chipukizi moja la pembeni hutosha, shina mama likabaki pale lilipo. Nyika yetu imekwisha kupoteza mengi kwa shoka na tanuri la makaa.

Sharti la mwisho lilimhusu mama. Kila mkebe uandikwe jina lake la Kimbeere, na chini yake la Kiswahili na la kisayansi, mama akitaja na mjukuu akiandika. Walifanya kazi hiyo jioni nzima. Mama, aliyeingia chumbani kama mshtaki, alianza kumkosoa mjukuu matamshi yake, kisha akataka kujua kwa nini mikebe haikupakwa rangi.

Mwalimu mwenzangu, siku utakapokuta mkebe wa mmea katika dirisha la bweni, usiutupe kabla ya kuuliza maswali mawili: mmea huu unahitaji maji kiasi gani, na nani nyumbani kwenu anajua jina lake? Swali la kwanza ni somo la sayansi. La pili litampeleka mwanafunzi kwa nyanya yake wakati nyanya angalipo.

Nasema hivyo kwa sababu jioni ile, tulipotoka nje kuupanda ule mmea wenye sumu, mama alionyesha kidole kijimti kilichoota kando ya ua, akafungua kinywa, akanyamaza. Jina lilikuwa limempotea. Alisema angemwuliza jirani mmoja, kisha akakumbuka kwamba jirani huyo tulimzika mwaka jana. Mpwa wangu ameacha mstari mtupu katika daftari lake.