Mbolea ya Ukoka: Pima kwa Pua ya Mbwa

Mwenye ukoka na mbwa akifika duka la pembejeo huuliza bei, kisha huuliza kama mbolea ni ya asili, akiamini ya asili haidhuru. Nami niliamini hivyo, nikachanganya unga wa mifupa kwenye udongo wa mawaridi. Kulipokucha nilikuta shimo, udongo umetapakaa barazani, na mbwa wangu kajilaza, tumbo limemjaa, pua nyeupe kwa unga. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: je, inanukia chakula?

Unga wa mifupa na wa damu. Kwa mbwa huu ni mlo. Akila mwingi, wa mifupa huweza kugandamana tumboni ukawa donge la kuziba njia ya chakula, hata ahitaji upasuaji. Ukilinganisha bei, jumlisha na ada ya daktari wa mifugo.

Mashudu ya nyonyo. Usiyalete kabisa. Mbegu za nyonyo zina sumu kali ya risini, na mashudu yasiyopashwa moto vya kutosha hubaki nayo. Sumu hiyo huua.

Samadi na mboji. Ukiwa na mifugo au mabaki ya jikoni, hulipi kitu. Lakini samadi mbichi hubeba vimelea, na chakula kilichoota ukungu kwenye lundo la mboji huweza kumtia mbwa mtetemeko na degedege. Ngoja zioze sawasawa, na lundo lizungushie wavu.

Urea, CAN na NPK. Hazimvutii mbwa kama mifupa. Akilamba kidogo, mara nyingi hutapika au kuharisha. Akila nyingi, mkimbize kwa daktari. Epuka zilizochanganywa na dawa ya magugu au wadudu.

Hesabu iko kwenye naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23, CAN ya asilimia 26 ina 13, na NPK 17-17-17 ina 8.5. Gawanya bei kwa kilo hizo utaona ipi nafuu. Ukoka wa mita za mraba 100 hutosheka na nusu kilo ya naitrojeni kwa mara moja: urea kilo 1.1, CAN kilo 2 au NPK kilo 3. Basi nunua ya kupima. Kwa kilo utalipa zaidi kuliko ukinunua mfuko mzima, lakini hutabaki na kiroba wazi stoo, maana kwenye kiroba kama hicho ndipo mbwa hula nyingi.

Mimi nimechagua urea, ikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Nikishamwaga, namwagilia hadi chembe zote ziyeyuke, na mbwa hatoki mpaka nyasi zikauke. Akila kwa bahati mbaya, usimtapishe kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari pamoja na mfuko wenyewe.

Mawaridi sasa yanapata mboji iliyooza, na juu yake nimetandaza wavu.