Miguu haitulii, na dawa haiachiki?

Ukilala tu, miguu inaanza: inatekenya kwa ndani, inavuta, mpaka uinuke utembee. Wengine hudhani wamerogwa. Ni ugonjwa, na daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliueleza mwaka 1945.

Ukizidi sana, daktari anaweza kuandika tramadoli. Dawa hii ni ndugu wa mofini, kwa hiyo mwili huizoea. Sasa tuseme umeimeza miezi kadhaa, halafu siku moja ukasema basi, ukaacha ghafla. Usiku wa kwanza au wa pili miguu inarukaruka kuliko mwanzo. Jasho, makamasi, kuhara, usingizi hakuna. Hapo wengi husema, “Umeona? Bila dawa siwezi!” Hapana bwana, huo ni mwili unaidai dawa. Siku 3 za mwanzo ndizo huwa kali, kisha unalegea taratibu.

Lakini uteseke hivyo ya nini? Rudi kwa aliyekuandikia, akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usijipangie mwenyewe, wala usiongeze vya rafiki: tramadoli ikizidi inaweza kukuangusha kama mwenye kifafa, hata kukata pumzi.

Mwombe pia akupime akiba ya chuma mwilini. Ikiwa ndogo, miguu husumbua, hata kama damu yenyewe inaonekana iko sawa. Wasichana wanaotoka hedhi nyingi, hili linawahusu. Ikionekana imepungua, utapewa vidonge vya kuongeza damu. Usivishushie na chai, inazuia chuma kuingia mwilini. Poleni, wapenzi wa chai!