Alizeti Kando ya Machimbo

Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ukafungwa 2021. Kilimo hakikufungwa nao. Kutoka Shinyanga hadi Geita wakulima wanaendelea na pamba, karanga na alizeti, na katika ukanda huohuo wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye makarasha, wanaosha mchanga kwenye mialo na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Mawe ya huku yana aseniki, na mengine yana madini ya risasi. Yakishakuwa unga, upepo na maji ya mvua huyachukua hadi mashambani.

Alizeti haipiti juu ya udongo wa namna hiyo bila kuugusa. Mizizi yake hufyonza kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kuliko mazao mengi na kuipandisha hadi kwenye mbegu. Uwezo wake wa kuvuta vitu kama hivyo ulijaribiwa miaka ya 1990, ilipooteshwa juu ya bwawa karibu na Chernobyl, Ukraine, ili isafishe maji yaliyochafuliwa na mionzi. Umoja wa Ulaya nao, ulipopanga viwango vipya mwaka 2021, uliruhusu hadi miligramu 0.5 za kadimiamu katika kilo ya mbegu za alizeti, lakini 0.2 tu kwa karanga.

Mpishi asikimbilie kuyamwaga mafuta yake. Metali hizi hushikamana zaidi na protini ya mbegu kuliko na mafuta, hivyo mbegu ikikamuliwa, sehemu kubwa hubaki kwenye mashudu. Kiwandani, kusafisha na kung'arisha mafuta hupunguza kinachosalia. Yale ya mashine ndogo za mitaani hutoka na chembechembe za mashudu, kwa hiyo kuyaacha yatulie na kuyachuja vizuri kuna faida ya kweli kiafya.

Ila mashudu hayatupwi. Hulishwa kuku, nguruwe na ng'ombe, na kadimiamu hujikusanya katika maini na figo za mnyama. Kwa binadamu pia huishia kwenye figo, ambako hukaa miaka 10 hadi 30. Japani iliyaona madhara yake katika mkoa wa Toyama: maji machafu ya mgodi yaliingia mto Jinzu, mto ukanywesha mashamba ya mpunga, na walaji wakapata maumivu makali ya mifupa iliyovunjika kirahisi. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968. Ndiyo maana kupima mafuta peke yake hakutoshi. Mashudu nayo yanastahili kupimwa.

Risasi ina njia fupi zaidi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani, mengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Basi mashine ya kukamulia alizeti haifai kufungwa jirani na karasha, wala mafuta kutiwa kwenye madumu yaliyobeba kemikali za mgodi.

Zebaki haiji sana kwa mlango wa mafuta. Humfikia mtu hasa kwa mvuke wakati wa kuchoma dhahabu, na kwa samaki.

Tangu 2019 usalama wa chakula nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini kazi ya kwanza iko shambani kabla ya mbegu kufukiwa: kupima udongo wa eneo lililo karibu na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa machimboni. Udongo wenye tindikali huiachia mizizi kadimiamu nyingi. Chokaa ya kilimo na samadi huizuia. Na pale vipimo vitakapoonyesha uchafu mwingi, eneo hilo lipandwe miti ya mbao, alizeti ihamishiwe kwingine.